Istikhara ya Blanketi Jekundu

Haya niliambiwa na bibi yangu mzaa mama, jina lake Pili, mwaka ule nilipotolewa shule darasa la tatu nikamsaidie kazi, kwa kuwa goti lake lilikuwa limevimba. Tulikuwa uani kwake, mtaa wa Mafiga, tunapukuchua mahindi. Yeye mwenyewe alikuwamo katika mambo haya, tena alikuwamo katikati kabisa, lakini hakuyasimulia kwa upande wake. Aliyasimulia kwa upande wa bibi yake, Chausiku, kama alivyoyapata kutoka kinywani mwake. Alisema, "Mimi nililia tu. Mwenye kazi alikuwa bibi." Na kila alipofika mahali pa blanketi alicheka mpaka mahindi yakamwagika, ikawa kazi yangu kuyaokota.

Ilikuwa zamani za Mdachi. Chausiku alikaa mlimani, juu ya mto Morogoro, mahali ambapo asubuhi za kipupwe mji wote ulikuwa chini ya ukungu, husikii ila jogoo na chuma cha reli kikigongwa. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake havikupita vya wenzake kwa sura. Midomo yake mingine ilikuwa imepinda kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Lakini hapakuwa na mtu aliyenunua chungu kwa Chausiku, akakipeleka kwake, akakitia maji, kikavuja.

Siri yake ilikuwa moja tu. Kabla ya kukiuza chungu alikigonga kwa fundo la kidole, akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele ambao jicho haliuoni, hunong'ona. Kilichonong'ona alikivunja palepale, vigae akavitwanga akavichanganya na udongo wa vyungu vipya. Wako waliokuwa wakiziba ufa kwa nta ya nyuki na kupaka masizi juu. Aliwajua, hakuwasema. Ila kila alipokuwa akivunja chungu alikuwa na maneno yake: "Kisije kikamwaibisha mtu mbele ya wageni wake."

Kazi yake ya pili hakuitafuta, ilimfuata nyumbani. Alipofiwa na mume alishuka mjini akajifunza kusali kwa Maalim Kibwana. Akawa mwanamke wa kwanza kufunga Ramadhani katika upande ule wa mlima. Maalim alimfundisha pia sala ya istikhara, rakaa mbili na dua yake, ya mtu aliyesimama njia panda hajui ashike ipi. Siku moja alikuwa na jambo lake, akaisali, akalala kwa ubavu wa kulia, akaota yangeyange weupe wametanda bondeni. Na lile jambo likawa jema. Akamsimulia jirani. Jirani akasema, "Na mimi nisalie." Akamsalia. Basi, ndiyo ikawa hivyo.

Wakaja watu. Mwenye binti anayeposwa, mwenye kutaka kuhamisha nyumba, mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Chausiku aliwasalia, akalala, na asubuhi akawapa jibu: nyeupe au kijani, fanya; nyekundu au nyeusi, acha. Hata Bernadeta, jirani yake aliyebatizwa misheni, alikuja siku moja kwa mlango wa nyuma, rozari ameificha kwenye upindo wa kanga, kuuliza habari za mbuzi wake asiyeshika mimba.

"Usimwambie Padri," alisema Bernadeta.

"Nitamwambia wapi, mimi naye hatujuani?"

Mbuzi alizaa mapacha. Toka siku hiyo sifa za Chausiku zikavuka mto.

Sasa, Pili. Pili alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyekufa. Alimlea tangu hajaota meno. Alikuwa msichana wa kelele: aliimba nje ya sauti, alicheka kabla ya kumaliza kusema, na alikuwa akiunguza ugali karibu kila siku, kwa sababu akishika mwiko hukumbuka neno la kusimulia, na neno likinoga mwiko husimama. Chausiku alilalamika kila siku, na kila siku alikula.

Pili aliolewa na Yunusi, kijana wa upande wa Dumila, mbeba mataruma ya reli. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, wenyewe wauita lukolo, na mwanamume ndiye anayemfuata mke. Yunusi hakusumbua. Alipanda mlima na jembe moja na meno mazuri, akajenga kibanda kando ya kile cha Chausiku, na kila asubuhi alianza siku kwa utani.

"Shikamoo, mke mkubwa."

"Marahaba, mume wangu. Umeamkaje na huyo mke mwenzangu?"

"Ananinyima nafasi. Nimekuja kulalamika kwa mwenye nyumba."

"Vumilia, zamu yangu inakuja."

Waliishi hivyo, na Chausiku alidhani wataishi hivyo mpaka azikwe.

Reli ilipofika Morogoro watu walidhani imefika. Hawakujua kwamba reli haifiki, hupita. Bwana wa reli akatangaza kuwa kazi inahamia mbele, Kilosa na kuendelea. Anayetaka kazi aifuate. Gari litawachukua baada ya siku kumi na nne. Yunusi hakuwa na kazi nyingine. Kwenda, atakwenda. La kuamua lilikuwa moja: aende peke yake, au Pili aiache ardhi ya mama zake, jambo ambalo mwanamke wa lukolo lao alikuwa hajalifanya, amfuate. Na waliokwenda peke yao, wengine walikuwa wakirudi. Wengine walipata wake hukohuko kwenye ncha ya reli.

Mjomba wa Pili, Ahmadi, mtoto wa kiume wa Chausiku, ndiye aliyekuwa na neno katika ukoo. Alikuja, akaketi, akatafuna mswaki wake muda mrefu.

"Mimi nasema mwanamke hafuati chuma," alisema. "Shamba atamwachia nani? Lakini mama, usiku wako unaona kuliko mchana wangu. Msalie. Utakaloliona ndilo, nami sitaongeza neno."

Pili akamshika bibi yake mguu. "Nisalie, bibi. Mwenyewe moyo umegawanyika kama ukuni."

Yunusi alishuka mjini. Jioni ile alipanda kutoka mjini na furushi kwapani, akalifungua mbele ya Chausiku. Blanketi. Blanketi zito la Ulaya, jekundu kama pilipili iliyoiva.

Ahmadi akaguna. "Leo? Siku ya istikhara?"

"Si hongo, mjomba," alisema Yunusi. "Ni baridi. Mke mkubwa anakohoa tangu juzi, sote tunasikia."

"Hongo ya kulalia ndiyo mbaya zaidi," alisema Chausiku, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kulipapasa. Hakuwa amepata kumiliki kitu chenye joto namna ile.

Basi alisali Isha, akasali zile rakaa mbili, akasoma dua, akalala kwa ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu. Usiku kucha hakuona kitu. Alilala kama gogo, kwa lile joto. Alfajiri aliamka, akatawadha kwa maji ya kuuma, akasali, akarudi kujikunyata, blanketi mpaka juu ya kichwa, asubiri jua. Usingizi ukamwiba. Ndipo alipoota.

Alimwona Pili amesimama mtoni. Maji mekundu. Mawe mekundu. Pili mwenyewe mwekundu kuanzia nywele hadi nyayo, kama aliyepakwa ngeu, anacheka lakini hana sauti. Kisha wekundu ule ukawaka ghafla, kama mtu amechochea moto, na Chausiku akaamka.

Alitoka nje. Pili alikuwa ametua mtungi, Yunusi ananoa panga, Ahmadi yuko tayari kwenye kigogo na mswaki wake. Wote wakageuka.

"Nimeona nyekundu," alisema Chausiku.

Hakuna aliyeuliza nyekundu gani. Pili aliinama akaupangusa mtungi ambao ulikuwa mkavu. Yunusi aliweka panga chini polepole. "Basi, mke mkubwa," alisema. "Tumesikia." Ahmadi akatema mate ya mswaki akasema Mungu ndiye mjuzi.

Na hapo, wakati wote watatu wanatazama chini, kitu kiliingia moyoni mwa Chausiku. Kiliingia kama kuku anavyoingia jikoni, polepole, kikiangalia huku na huku kama kitafukuzwa. Ilikuwa furaha. Chausiku hakuifukuza. Aliiacha ikadonoe.

Siku mbili zikapita. Yunusi alipasua kuni za miezi mitatu akazipanga ukutani, ili ziwatoshe wanawake wawili pasipo mwanamume. Alitengeneza paa la banda la vyungu. Utani wake aliuendeleza, ila ulikuwa kama wimbo unaoimbwa na mtu anayebeba mzigo. Na Pili alifanya kazi zote, tena vizuri. Alifagia. Alipalilia. Hakuimba. Jioni ya kwanza alisonga ugali mweupe, laini, haukuungua hata mahali. Jioni ya pili vilevile. Chausiku alimega tonge, akatafuna, akanawa mkono. Akajisemea moyoni: huyu mtoto anakufa.

Asubuhi ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, alirudi tena chini ya blanketi, kichwa ndani. Safari hii hakulala. Alikuwa macho kodo, anawaza mlo ule usioungua. Mara akasikia Pili amekuja kutoka kibandani kwake kuchukua mtungi wa mtoni, anausukuma mlango. Jua la mlimani likaingia moja kwa moja likalipiga blanketi.

Na Chausiku, macho wazi, akaona kila kitu kimekuwa chekundu, kikawaka ghafla kama moto uliochochewa.

Akafunga macho: nyekundu. Akafungua: nyekundu. Akatoa kichwa nje: ukuta wa udongo, mafiga, kikapu cha kunde. Akakirudisha ndani: nyekundu.

"Hee," alisema peke yake.

Usifikiri kwamba alikimbia kwenda kusema. Alikuwa binadamu. Alijiambia, nyekundu ni nyekundu. Alijiambia, Mwenyezi Mungu akitaka kumwonyesha mtu kitu atashindwaje kutumia blanketi? Alijiambia, na umri huu, nani atanichotea maji, nani atanitajia aliyepita njiani? Aliyasema hayo siku mbili nzima, na kila alipoyasema yalisikika vizuri kidogo kuliko mara iliyotangulia. Ndivyo nta inavyofanya kazi.

Siku ya tano walikuwa wanagonga vyungu vya kupeleka sokoni, yeye na Pili, kama walivyozoea. Pili aligonga kimoja, akatega sikio, akagonga tena.

"Hiki kinanong'ona, bibi."

Chausiku akakipokea, akakigeuza juani. Hakuona kitu.

"Sura yake nzuri kuliko vyote," alisema.

"Ndiyo," alisema Pili. "Lakini kisije kikamwaibisha mtu mbele ya wageni wake." Akachukua jiwe akakivunja, akavikusanya vigae bila kuinua macho.

Chausiku aliinuka kama aliyeumwa na siafu. "Nipakie vile vitatu," alisema. "Nashuka mjini."

"Leo si siku ya soko, bibi."

"Nimesema nashuka."

Aliposhuka, magoti yakimsema njia nzima, alipita kwanza dukani kwa Taherali, aliyekuwa akipenda vyungu vyake kwa maji ya kunywa. Taherali alikuwa mtu mnene mwenye ndevu nyeupe, maneno yake mengi kuliko nguo za dukani mwake.

"Karibu, bibi, karibu! Blanketi linapasha?"

"Linapasha mno," alisema Chausiku.

"Huyo kijana wako alinitesa! Anataka nyeupe. Namwambia hakuna, meupe yote wamechukua watu wa misheni juzi, limebaki hili moja tu. Anasema hapana, nyeupe. Bibi yangu anapenda nyeupe, ndiyo rangi ya heri. Anatoka. Anarudi. Anagusa jekundu. Anatoka. Mara ya nne namwambia, kijana, baridi haijui rangi! Ndipo akachukua."

Chausiku akashika ukingo wa meza ya duka. Yaani kama watu wa misheni wangechelewa siku mbili, angelala chini ya blanketi jeupe. Angeona mto mweupe na Pili mweupe. Angetoka nje akasema nenda.

"Bibi, unaumwa? Kaa, unywe maji."

"Siumwi, baba. Naona aibu tu. Itapita."

Haikupita. Aliichukua hivyohivyo mpaka kwa Maalim Kibwana. Maalim alikuwa barazani anashona kofia, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa mzee sasa, lakini bado alimwita mwanafunzi wangu, ingawa walikuwa rika moja. Chausiku aliketi mkekani akamweleza yote, blanketi, mlango, duka. Maalim alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akavua miwani. Kisha uso wake ukawa mwingine.

"Nani alikupa kazi hii, Chausiku?"

"Watu waliniomba."

"Nilikufundisha dua. Sikukufundisha uganga. Hebu isome. Inasemaje? Ikiwa jambo hili lina heri kwangu. Kwangu mimi ninayesali! Mwenye jambo ndiye anayepiga goti. Hata asiyejua kusoma husema kwa lugha yake, Mungu anakijua hata Kiluguru."

"Na ndoto?"

"Ndoto ni ndoto. Nani alikuambia ndilo jibu? Mtu husali, huuliza shauri kwa wanaomjua na kumpenda, kisha hushika njia moja. Ikiwa heri itamrahisikia. Ikiwa shari ataepushwa nayo, na moyo wake uridhike. Basi. Hakuna nyeupe wala nyekundu."

Chausiku akainamia mikono yake, yenye udongo kwenye kucha. "Na wale wote niliowaambia miaka yote hii? Na mbuzi wa Bernadeta?"

"Alizaa?"

"Mapacha."

"Basi mshukuruni beberu."

Alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Maalim akavaa miwani, akarudi kwenye kofia yake, akashona mishono kadhaa, ampe nafasi. Kisha akauliza kwa upole, "Siku ile ulipoamka, kabla hujamwambia mtu. Uliamkaje?"

"Nilifurahi," alisema Chausiku.

Maalim akaacha kushona. Alimtazama tu juu ya miwani, kama anavyotazamwa mtu aliyekwisha kujibu mwenyewe.

Jioni ilipokaribia, jua bado liko kwenye mabega ya mlima, Chausiku aliwaita wote uani kwake: Pili, Yunusi, Ahmadi. Bernadeta akaja bila kuitwa, akasimama kwenye ua wa migomba. Chausiku alilitandika lile blanketi chini, mbele yao.

"Ahmadi, mwanangu, ingia chini ya hili. Kichwa na kila kitu."

"Mama?"

"Ingia."

Mtu mzima yule, mwenye neno la ukoo, akaingia chini ya blanketi akabaki kama kichuguu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Naona wekundu."

"Basi umekwisha kusali istikhara," alisema Chausiku. "Karibu kazini."

Akawaeleza. Hakuficha, hata furaha ile aliitaja, na alipoitaja alimtazama Pili. Kisha Bernadeta akapasuka kicheko kule kwenye migomba. "Yesu na Maria! Sisi twamuuliza Padri, ninyi mwauliza blanketi!" Yunusi akakaa chini kabisa akajifunika uso, mabega yanatikisika, haijulikani analia au anacheka.

Ahmadi alitoka amevurugika nywele. "Mama, umeliharibu jina lako! Watu wa huku na ng'ambo ya mto, watasemaje?"

"Watasema Chausiku alikosea. Bora jina livunjike hapa uani kuliko liende kuvuja nyumbani kwa mtu."

"Kwa hiyo, bibi," alisema Pili, sauti nyembamba, "niende?"

"Sikusema uende. Nasema sijui."

Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake mbele ya watu kwa miaka. Lilimtoka zito, lakini lilipokwisha kutoka alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Jambo ni lako. Nitakufundisha dua, utasali mwenyewe, usiku wowote, hata mchana. Ongea na mumeo. Ongea na mjomba wako habari ya shamba. Kisha amua."

"Nikiota?"

"Ukiota utaamka."

Pili akasogea, akaketi karibu, bega kwa bega, kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mtoto akisikia radi. "Maalim amesema mtu aulize shauri kwa wanaompenda. Sasa nakuuliza wewe, si ndoto zako. Wewe bibi unataka nini?"

Chausiku alivuta pumzi. "Mimi nataka ubaki. Nataka ubaki mpaka unifunge sanda. Lakini hilo ni la kwangu, mjukuu wangu. Nililivika kanzu ya Mungu nikakuletea. Leo nimelivua. Lipime kama neno la bibi kizee anayekupenda. Usilipime zaidi ya hapo."

Pili alilaza kichwa begani pale, na wakakaa hivyo mpaka kuku wakaingia.

Siku nne zilizofuata Pili alisali. Mara nyingine alisahau katikati ya dua akarudi kuuliza, mara nyingine aliimalizia kwa Kiluguru. Alikwenda na Ahmadi shambani, wakarudi wanabishana, wakaenda tena. Ahmadi alipinga siku ya kwanza, ya pili alipinga kidogo, ya tatu akasema, "Ardhi haihami. Nitaipanda kunde, isigeuke nyika. Ukirudi utaikuta na jina lako." Yunusi hakumshawishi. Alisema tu, "Ukibaki nitarudi kila msimu, kwa miguu nikikosa gari. Nimesema." Na Pili alijua kwamba angerudi. Ajabu ni kuwa hilo ndilo lililomwondolea hofu ya kwenda: hakuwa tena anamfuata mume asipotee. Alikuwa akichagua.

Hakuota chochote. Ila mara moja tu aliota anachambua mchicha.

Jioni ya tano Chausiku alikuwa kwenye banda lake anasugua mdomo wa chungu kwa gunzi. Kutoka jikoni alisikia sauti inaimba, nje kabisa ya wimbo. Akaacha kusugua. Wimbo ukakatika, sauti ikawa inamsimulia Yunusi habari fulani ndefu, ikacheka kabla ya kumaliza. Kisha harufu ikaja. Ugali unaungua. Unaungua vizuri, mpaka chini.

Chausiku alifumba macho akaivuta harufu ile ndani, yote.

"Ameamua," alisema. Na hakuhitaji kuuliza ameamua lipi.

Alikula ukoko wote usiku ule, akaomba na wa Yunusi.

Siku ya safari walishuka wote asubuhi, ukungu haujaondoka, mpaka penye reli. Bernadeta alikuja pia, akatangaza kwamba siku za baridi atakuwa akilala kwa Chausiku, ila asiombwe kusali kwa Kiarabu. Watu wa kazi walikuwa wanapanda mabehewa ya wazi na majembe na sufuria zao. Chausiku alitoa chungu kidogo kutoka kwenye kikapu, akampa Pili. Pili hakusema ahsante kwanza. Alikigonga kwa fundo la kidole, akatega sikio katikati ya kelele zote zile.

"Kinalia," alisema.

"Kinalia," alisema Chausiku. Kisha akamgeukia Yunusi, akakaza uso. "Mume wangu, nakukabidhi mke mwenzangu. Ukimrudisha na ufa, nitausikia kabla hamjavuka mto."

"Nimesikia, mke mkubwa. Na wewe lala. Macho yako mekundu kuliko blanketi."

Gari likapiga kelele, likaondoka. Pili alipunga kanga mpaka ikawa kama jani, na sauti yake ikaendelea kusikika kidogo baada ya hapo. Alikuwa akisimulia kitu.

Chausiku alipanda mlima polepole, akipumzika kila penye jiwe. Alipofika jua lilikuwa limepanda vizuri. Nyumba ilikuwa kimya na kuni za Yunusi zimepangwa ukutani. Alikuwa hajalala sawasawa siku nyingi. Alitawadha, akasali rakaa mbili, na safari hii aliomba la kwake: aridhishwe. Akajilaza kwa ubavu wa kulia, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Mlango aliuacha wazi makusudi.

Jua likaingia. Kila kitu kikawa chekundu.

"Nakuona," aliliambia blanketi, akacheka peke yake humo ndani, kicheko kidogo chenye maji. Kukawa na joto. Kwa mbali sana, chini bondeni, gari likalia mara moja. Akatega sikio lisikie tena, na akiwa bado ametega, usingizi ukamchukua.